Tom Osborne: Gwiji, au Kocha Mzuri Tu?

Ni usiku wa tarehe 2 Januari 1984, uwanja wa Orange Bowl, Miami. Zimebaki sekunde 48 mechi iishe, na Chuo Kikuu cha Nebraska kimetoka nyuma kwa 31–17 hadi 31–30 dhidi ya wenyeji, Chuo Kikuu cha Miami. Nebraska hawajapoteza mechi hata moja msimu mzima, na wameongoza kura za taifa, ambazo ndizo zilizoamua bingwa wakati ule, tangu kabla msimu haujaanza. Wakongwe wa futiboli ya vyuo vya Marekani hadi leo hawajamaliza kubishana kuhusu kilichofuata.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa kofia ngumu na mabega ya plastiki: ukiuvusha mpira hadi nyuma ya mstari wa mwisho unapata pointi sita, halafu unachagua. Unaweza kuupiga katikati ya milingoti na kuongeza pointi moja, kazi ambayo mpigaji wa chuo hukosea mara chache sana. Au unaweza kujaribu kuuvusha tena kutoka yadi tatu, yaani pungufu kidogo ya mita tatu, ukapata mbili au ukatoka kapa. Wakati ule vyuo havikuwa na muda wa nyongeza. Pointi moja ilikuwa sare ya 31–31, na sare ilitosha. Mchana wa siku hiyohiyo Texas, waliokuwa wa pili, walikuwa wamechapwa 10–9 na Georgia. Nebraska wangemaliza msimu wakiwa timu kubwa pekee isiyofungwa, na ubingwa ulikuwa wao.

Kocha wa Nebraska, Tom Osborne, akataka mbili. Turner Gill akarusha kulia kwa Jeff Smith, mlinzi wa Miami Ken Calhoun akaunyoosha mkono, vidole vikaugusa mpira, ukaanguka majanini. Kura zilipohesabiwa Miami wakaruka kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

Kuna kambi inayosema usiku ule ndio ulioonyesha ukubwa wake: mtu aliyekataa kuchukua ubingwa kwa sare. Kuna kambi nyingine inayosema gwiji angejua la kufanya ubingwa ukiwa mezani. Na Osborne ndiye kocha bora wa kumtumia kuuelewa ubishi huu mzima, kwa sababu kila kipimo ambacho Wamarekani hutumia kuamua kocha wa chuo ni gwiji au la, kikimfikia yeye kinayumba.

Tisa, kila mwaka

Osborne alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Hastings, Nebraska. Alicheza kidogo ligi ya kulipwa, akarudi nyumbani kusomea saikolojia ya elimu hadi shahada ya uzamivu, na huku akisoma akawa msaidizi asiyelipwa wa kocha Bob Devaney. Devaney alitwaa ubingwa wa taifa 1970 na 1971, kisha akamwachia timu huyu msomi mpole asiyepandisha sauti. Osborne aliongoza mechi yake ya kwanza mwaka 1973 akiwa na miaka 36, na hakuondoka hadi msimu wa 1997 ulipokwisha.

Hesabu yake: ushindi 255, vipigo 49, sare 3, misimu 25. Katika misimu hiyo yote hakuna hata mmoja alioshinda mechi pungufu ya tisa, enzi ambazo timu ilicheza mechi 11 hadi 13 kwa mwaka. Wachezaji wa chuo hukaa miaka minne au mitano tu. Ina maana aliijenga timu upya mara nyingi, akipoteza kila mwaka wachezaji wake wazoefu kwa sababu wamehitimu, na hata mara moja hakuwa na ule mwaka ambao shabiki husema, basi, tusubiri mwakani.

Na alifanya hivyo mahali ambapo akili ya kawaida haingeweka timu kubwa. Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe. Sensa ya 1990 iliwakuta watu wasiofika milioni 1.6. Vijana wenye kasi na miili ya mchezo huu wanapatikana kwa wingi Texas, Florida na California, na kumshawishi kijana wa Florida aje kukaa kwenye theluji katikati ya nchi si kazi ndogo. Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho wengi hawakuwa nacho: jimbo zima lisilo na timu ya ligi ya kulipwa, lenye uwanja mmoja mjini Lincoln ambao umejaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962.

Njia yake ilikuwa ya kijijini hasa. Sheria za vyuo ziliweka ukomo wa ufadhili wa masomo: timu iliruhusiwa wachezaji 105 wenye ufadhili mwaka 1973, 95 kuanzia 1978, na 85 ilipofika 1994. Osborne alijaza pengo kwa vijana wa jimbo waliokuja kwa gharama zao, watoto wa wakulima na wa walimu, ambao wangekubali kusubiri miaka miwili au mitatu ili wacheze msimu mmoja. Walikuwa wengi kiasi kwamba mazoezi yaligawanywa vituo kadhaa kwa wakati mmoja, kila kituo na mashambulizi na ulinzi wake. Kwingineko kijana wa kikosi cha tatu husimama pembeni akiwa ameshika kofia yake, akiwatazama wenzake. Kule Lincoln kijana huyo alikuwa analirudia shambulizi lilelile jioni nzima. Ongeza chumba cha vyuma: Nebraska walimwajiri Boyd Epley mwaka 1969 kusimamia mazoezi ya nguvu, wakati makocha wengi bado waliamini kwamba kunyanyua vyuma kunamfanya mchezaji awe mzito. Kijana mwembamba wa shambani aliingia hapo akiwa na miaka 18, na alipofika 22 alikuwa mtu mwingine.

Wapinzani husema huo si ukocha, ni faida ya idadi. Wanaongeza kwamba Nebraska walinufaika pia na kanuni iliyoruhusu kusajili vijana ambao alama zao zilikuwa hazijafikia kiwango kamili cha kuingia chuo, mlango ambao ligi yao mpya, Big 12, iliubana ilipoanza 1996. Hoja ya pili ina uzito. Ya kwanza siikubali, kwa kuwa kila jirani yake alikuwa huru kufanya vivyo hivyo. Kansas walikuwa na wakulima pia.

Oklahoma, kisha Florida

Basi kwa nini hadi mwaka 1993 watu wenye akili timamu waliandika kwamba Osborne ni kocha mzuri tu?

Kwanza kwa sababu ya mtu mmoja: Barry Switzer, aliyepewa timu ya Oklahoma mwaka uleule wa 1973. Oklahoma na Nebraska zilikuwa ligi moja, Big Eight, na zilikutana karibu kila mara mwishoni mwa Novemba huku kombe la ligi likiwa katikati. Osborne alifungwa na Switzer mara tano mfululizo. Mwaka 1978 hatimaye akashinda, 17–14, na jimbo zima likashangilia. Wiki moja baadaye timu yake ikafungwa na Missouri, 35–31. Halafu waandaaji wa Orange Bowl wakaona ni biashara nzuri kuwakutanisha Nebraska na Oklahoma tena, na Oklahoma wakashinda 31–24. Majira hayohayo Osborne alikwenda kuzungumza na Chuo Kikuu cha Colorado kuhusu kazi yao. Mtu aliyeshinda mechi tisa au zaidi kila mwaka alikuwa amechoka kiasi cha kufikiria kuhama. Hadi Switzer anaondoka Oklahoma, hesabu kati yao ilikuwa 12 kwa 5, na tano ndizo za Osborne.

Kisha zikaja mechi za Januari. Futiboli ya vyuo humaliza msimu kwa mechi za mwaliko zenye majina kama Orange Bowl, Fiesta Bowl na Rose Bowl, ambako timu bora za kanda tofauti hukutana. Kuanzia Januari 1988 hadi Januari 1994 Nebraska walicheza saba na kupoteza zote saba. Baadhi zilikuwa aibu tupu: 23–3 na 22–0 mbele ya Miami, 41–17 mbele ya Florida State, 45–21 mbele ya Georgia Tech.

Hapa ndipo mtu inabidi atulie na orodha mkononi. Wapinzani hao saba walikuwa Florida State mara nne, Miami mara mbili na Georgia Tech mara moja, na kila mmoja wao alimaliza msimu husika akiwa ndani ya tatu bora za taifa. Mechi tano kati ya hizo zilichezwa Florida, nne zikiwa Miami kwenyewe, kwa sababu bingwa wa Big Eight alikuwa na mkataba wa kwenda Orange Bowl. Nebraska walipopangiwa Miami, zawadi yao ya kushinda ligi ilikuwa kusafiri hadi uwanja ambao wenyeji waliuzoea kama sebule yao.

Lakini sitamsamehe kirahisi hivyo. Unaweza kufungwa na mtu bora ugenini bila kutoka sifuri. Mfumo wa Osborne wa kushambulia ulikuwa wa kukimbia: mchezaji anayeanzisha shambulizi, kwotabeki, anakimbia na mpira kando ya safu ya ulinzi, anamtazama mlinzi mmoja aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwa sehemu ya sekunde anaamua ama aingie mwenyewe ama amtupie mwenzake anayekimbia pembeni yake. Dhidi ya Kansas State ya miaka ile, mfumo huo ulifumua kila kitu. Dhidi ya Miami, yule mlinzi aliyeachwa alikuwa na kasi ya kumfikia wa kwanza kisha wa pili. Na Nebraska wakishatangulizwa pointi 14 hawakuwa na njia nyingine ya haraka ya kurudi mchezoni. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Kilikuwa kilema cha mfumo, na kila Januari kilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa.

Mashabiki wa Arsenal wanaijua hali hii. Arsène Wenger alimaliza msimu mzima wa ligi wa 2003/04 bila kupoteza, lakini Kombe la Ulaya hakuligusa, na kila mjadala juu yake huishia hapo.

Mtu aliyebadilika akiwa na miaka 55

Kinachonifanya mimi niwe upande wa wanaomwita gwiji ni alichofanya baada ya vipigo hivyo, zaidi ya makombe yaliyofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Osborne alikuwa ameshinda mechi zaidi ya 170. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumfukuza. Angeweza kuendelea na tisa zake na kumi zake hadi astaafu kwa heshima. Badala yake, yeye na mratibu wa ulinzi Charlie McBride waliachana na mpangilio wa zamani wa mabeki wakubwa na wazito, wakahamia wa watu wanne mbele na watatu nyuma yao, na wakaanza kuwashusha wachezaji kutoka nafasi za nyuma kwenda za mbele: aliyekuwa mlinzi wa mwisho mwenye kasi akawa wa kati, wa kati akawa wa mbele. Walipoteza kilo, wakapata kasi. Na Osborne akaenda kusajili kwa waliokuwa wakimwadhibu. Kwotabeki Tommie Frazier, aliyeingia mwaka 1992, alitoka Bradenton, Florida.

Mfumo wa kukimbia hakuugusa. Hili hupotoshwa sana. Wengi husimulia kana kwamba alikubali kushindwa akaiga wengine. Alibaki na imani yake ya kushambulia na kubadilisha kila kilichoizunguka.

Januari 1994, Nebraska wakiwa hawajafungwa, waliingia Orange Bowl dhidi ya Florida State huku wacheza kamari wakiwatabiria Florida State ushindi wa zaidi ya pointi 17. Ikaisha 18–16, na mpira wa mwisho waliopiga Nebraska, wa yadi 45, ambao ungewapa ushindi, ukapita kando ya mlingoti. Mwaka uliofuata walirudi uwanja uleule, wakakutana na Miami, wakawa nyuma robo ya nne ikianza. Walichosema makocha wakati wa mapumziko ni kwamba Miami watachoka, na Miami wakachoka. Cory Schlesinger, kijana wa Nebraska mwenye mgongo wa fahali, akapita katikati mara mbili, ikawa 24–17. Osborne akapata ubingwa wake wa kwanza katika msimu wake wa 22.

Msimu wa 1995 ni vigumu kuuandika bila kuonekana unatia chumvi. Mechi 12, ushindi 12, na mpinzani aliyefungwa kwa tofauti ndogo kuliko wote alifungwa kwa pointi 14. Fainali ya Fiesta Bowl dhidi ya Florida, nao hawajafungwa, iliisha 62–24. Nebraska walikimbia yadi 524. Kuna shambulizi moja ambapo Frazier anakamatwa na kundi la walinzi, anatoweka ndani yao, kisha anachomoka upande wa pili na kukimbia hadi mwisho, yadi 75. Nikiwa na mgeni wa mchezo huu huwa namwonyesha hilo kabla ya kumweleza sheria yoyote.

Misimu mitano ya mwisho, 1993 hadi 1997: ushindi 60, vipigo 3.

Kombe linalopigiwa kura

Sasa tuhesabu makombe, kwa kuwa ndicho kipimo ambacho watu hukikimbilia. Kocha Nick Saban anayo saba, moja na LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) na sita na Alabama. Bear Bryant sita. Osborne matatu. Bobby Bowden wa Florida State, aliyemnyanyasa Osborne Januari baada ya Januari, anayo mawili.

Tatizo ni kwamba kwa karibu maisha yote ya Osborne uwanjani, ubingwa wa taifa wa vyuo haukuwa na fainali. Waandishi wa habari walipiga kura yao, makocha wakapiga yao, na mwenye kura nyingi akawa bingwa. Kura mbili zisipokubaliana, mabingwa wawili. Utaratibu wa kuikutanisha timu ya kwanza na ya pili kwa lazima, ligi zote zikiwa ndani, ulikuja msimu wa 1998, mwaka mmoja baada yake kustaafu. Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, na wa timu 12 mwaka 2024.

Kwa hiyo mwaka 1994 Penn State ya Joe Paterno ilishinda mechi zake zote 12, Nebraska zake zote 13, na hazikukutana kwa sababu bingwa wa ligi ya Big Ten alifungwa kimkataba na Rose Bowl. Wapiga kura wakachagua Nebraska. Watu wa Pennsylvania bado wana kinyongo, na siwalaumu. Mwaka 1997 Michigan walimaliza bila kufungwa, Nebraska pia. Waandishi wakawapa Michigan, makocha wakawapa Nebraska, wiki chache tu baada ya Osborne kutangaza kwamba anastaafu. Wapo wanaosema makocha walimpa mwenzao zawadi ya kuagia. Nebraska walikuwa wameitandika Tennessee 42–17, kwa hiyo zawadi hiyo hawakuikuta barabarani, lakini shaka inaeleweka.

Ukiwa mkali, Osborne ana kombe moja tu lisilo na mdai mwingine, la 1995. Ukiwa mkarimu, vidole vya Calhoun na mpira mmoja wa yadi 45 vilimnyima mengine mawili, awe na matano. Kipimo kinachoweza kusoma moja au tano kwa mtu yuleyule hakiwezi kubeba hukumu. Kwa enzi yake makombe yanatuambia alikuwa karibu na kilele, basi. Kwa Saban ni tofauti kidogo, maana saba zake zote alizipata baada ya 1998, kwa kushinda fainali... na hata yake ya kwanza, ya 2003 na LSU, waandishi waliwapa Southern California kura yao.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kilichotokea alipoondoka. Mrithi wake Frank Solich alishinda 58 na kupoteza 19, akatimuliwa mwaka 2003, mwaka ambao alikuwa na ushindi tisa, kwa sababu tisa zilionekana chache. Mwaka uliofuata Nebraska wakapata msimu wa kwanza wa vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961. Osborne mwenyewe alikuwa amekwenda kuwa mbunge mjini Washington kwa vipindi vitatu. Akagombea tiketi ya ugavana wa jimbo mwaka 2006 na, niamini, akakosa. 2007 chuo kikamwita awe mkurugenzi wa michezo. Akamwajiri Bo Pelini, ambaye naye alishinda tisa au kumi kila mwaka, na waliokuja baada ya Osborne wakamwondoa 2014. Scott Frost, kwotabeki wa timu ya 1997, alirejeshwa nyumbani kama mwokozi, akaondoka Septemba 2022 na rekodi ya 16 kwa 31. Kuanzia 2017 hadi 2023 Nebraska walikuwa na misimu saba mfululizo ya kupoteza zaidi ya kushinda, na Januari hawakualikwa popote.

Uwanja uliendelea kujaa, na fedha zilikuwa nyingi kuliko wakati wake. Wale waliosema kwamba tisa kwa mwaka ni kazi ambayo yeyote angeifanya Nebraska walipata miaka 25 ya kulithibitisha hilo.

Lawrence Phillips

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini kocha wa chuo si sawa na kocha wa klabu. Anaingia sebuleni kwa mama wa kijana wa miaka 17 na kumwahidi kumlea. Wachezaji enzi hizo hawakulipwa mshahara; malezi na masomo ndiyo yaliyokuwa malipo yao, na makocha walijitangaza kwa msingi huo. Osborne kuliko wengi. Yeye na mkewe Nancy walianzisha mpango wa TeamMates mwaka 1991, wakiwapa watoto wa shule walezi kutoka miongoni mwa wachezaji, na mpango huo bado upo. Huwezi kuyahesabu malezi anaposifiwa kisha ukayaacha mlangoni anapolaumiwa.

Lawrence Phillips alikuwa mkimbiaji bora wa Nebraska, yadi 1,722 msimu wa 1994, kijana aliyekulia katika makao ya watoto California. Septemba 1995, usiku baada ya mechi ya Michigan State, alivamia nyumba aliyokuwamo msichana aliyekuwa mpenzi wake, mwanamichezo wa chuo hichohicho, akampiga na kumburuta ngazini. Osborne alimwondoa kikosini bila kufunga mlango kabisa. Baada ya mechi sita akamrudisha. Januari Phillips alianza katika fainali ile dhidi ya Florida na kukimbia yadi 165.

Shutuma ya haraka ni kwamba kocha aliuza dhamiri kwa kombe. Ukiangalia mechi, shutuma hiyo haisimami vizuri. Nebraska walishinda zote sita bila Phillips, tena kwa mbali, huku kijana wa mwaka wa kwanza, Ahman Green, akikimbia kwa fujo katika nafasi yake. Kombe lingekuja bila yeye. Osborne alieleza wakati ule, na ameendelea kueleza, kwamba bila ratiba na nidhamu ya timu kijana yule angepotea. Naamini alisema ukweli wake.

Tatizo langu liko ndani ya ukweli huo. Mtu aliyetumia maisha yake akiona vijana wa shambani wakibadilika kuwa wanaume katika chumba cha vyuma alikuwa ameamini kwamba mpira wenyewe hutibu. Angeweza kumwachia Phillips ufadhili wake, darasa, mshauri wa kisaikolojia, na meza yake ya chakula, asimpe jezi. Yule msichana alikuwa chuoni, akisoma katika majengo yaleyale. Alipaswa kumwona aliyempiga akishangiliwa na watu zaidi ya 70,000. Katika hesabu za Osborne za nani anahitaji kuokolewa, jina lake lilikuja nyuma.

Watetezi wake husema yaliyofuata yanamthibitisha: Phillips alitoka kwenye uangalizi wa Osborne akaporomoka, akahukumiwa miaka zaidi ya 30 kwa makosa mengine ya kikatili, akafariki gerezani California Januari 2016 akiwa na miaka 40. Mimi nasoma historia hiyohiyo kinyume. St. Louis Rams wa ligi ya kulipwa walimchagua mwaka 1996, wa sita nchi nzima kati ya vijana waliotoka vyuoni, na kumwacha mwaka uliofuata. Miami Dolphins wakampa nafasi, kisha Barcelona katika ligi ya Ulaya, kisha San Francisco, kisha Montreal na Calgary kule Kanada. Kila mahali palikuwa na ratiba, nidhamu, kocha na mazoezi ya asubuhi. Alirudishiwa mpira tena na tena, na tena na tena mwanamke fulani ndiye aliyekwenda polisi.